Kijibwa nacho kifundishwe

Mhariri,

Siku hizi Malindi kuna mbwa wadogo kuliko paka wa soko la samaki. Zamani walikuwa wa wageni tu, wa majumba ya Casuarina na Silversand. Sasa nawaona Maweni, nawaona Ngala, na juzi nimemwona mmoja Muyeye amepakatwa kwenye tuktuk, kavikwa na fulana. Sina ugomvi na fulana, ingawa kwa joto letu la Februari ni dhuluma.

Mimi ni mpishi. Nimewapikia Waitaliano tangu ujana wangu, na karibu kila nyumba niliyopika ilikuwa na mbwa. Masika yakikaribia tajiri hufunga virago akarudi kwao, mbwa hubaki, na mbwa aliyeachwa humfuata mwenye jiko. Ndivyo nilivyoipata kazi hii ya pili ambayo haimo kwenye mshahara, na ndiyo sababu watu hunijia. "Mzee, huyu wangu hashikiki." "Mzee, anakojoa kitandani." "Mzee, kamuuma mtoto wa jirani." Nikiuliza mmemfundisha nini tangu aje, wanaangua kicheko. Afundishwe nini, naye mwenyewe ndiye huyu?

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mbwa mkubwa akimrukia mgeni, mwenye nyumba huona haya, akamkemea, akamfunga, akatafuta mtu wa kumtia adabu. Mdogo akifanya lile lile, watu hutoa simu wakapiga picha. Akinguruma mtu anapopita karibu na sahani yake, huambiwa "Simba huyo!" na kuongezwa kipande cha nyama. Basi keshafundishwa. Amejua kwamba akinguruma watu hurudi nyuma na nyama huja mbele. Miezi ikipita anauma, na hapo wale wale waliokuwa wakicheka huchukua fimbo. Fimbo nayo humfundisha kitu, ila si kile walichokusudia: humfundisha asingurume. Mngurumo ndio onyo lake. Akishanyang'anywa onyo, siku nyingine atauma kimya kimya, na watu watasema mbwa huyu kabadilika ghafla.

Tena watu hawajui wamemleta nani nyumbani. Jack Russell ametokana na mbwa wa kasisi mmoja wa Uingereza wa karne ya 19, John Russell, na kazi yake ilikuwa kumfuata mbweha mpaka shimoni na kumtoa. Dachshund, Wajerumani walimzalisha awe mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu ili aingie mashimoni kumwinda mnyama wa jamii ya nyegere. Mbwa wa shimoni sharti abweke sana, maana mwindaji aliye juu hamwoni, anamsikia tu. Sasa wewe umemfungia sebuleni, nje kima wanapita juu ya makuti, kunguru wanagombana kwenye mwembe, bodaboda hazikatiki, halafu unashangaa kwa nini hanyamazi. Yuko kazini. Chihuahua naye, mwenye jina la jimbo la Mexico, kwa kawaida hafiki hata kilo tatu, na dunia anayoiona ni miguu ya watu. Huyo kelele zake nyingi ni za hofu. Anayebweka kwa kazi na anayebweka kwa hofu hawafundishwi namna moja: wa kwanza mpe kazi nyingine ya kufanya, wa pili msogeze mbali na kile anachokiogopa, umrudishe kidogo kidogo.

Kuna wanaoniambia hawa si wanyama wa kwetu, ni wanyama wa ndege na hati za kusafiria. Mji huu ulimpakia twiga merikebuni akafika China mwaka 1415. Mnyama kupelekwa ugenini akatakiwa azoee si habari mpya Malindi.

Nianze na mkojo, kwa kuwa ndio unaoleta ugomvi wa ndoa. Kibofu cha mtoto wa mbwa ni kidogo. Kwa kukadiria tu, mchana anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na hawa wa jamii ndogo hata hiyo saa wakati mwingine haitimii. Wa miezi miwili usimwache kutoka adhuhuri hadi magharibi, ukarudi ukamlaumu. Atolewe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Apelekwe pale pale kila siku, asimamiwe, asizungumzishwe. Akimaliza apewe kitu hapo hapo alipo. Ukingoja mpaka mrudi ndani, umemlipa kwa kuingia ndani. Wa ghorofani wasio na ua hutandika gazeti, na hapa niwie radhi, Mhariri, kurasa zako zimefanya kazi kubwa kwenye baraza la nyuma la nyumba ninayopika. Ukurasa wa barua huwa nauondoa kwanza.

Akiharibu ndani, usimsugue pua. Habari ya kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake imeenea pwani nzima utadhani imeandikwa na daktari. Anachojifunza hapo ni kwamba mkojo na binadamu vikikutana kuna hatari, basi siku ya pili atakwenda kukojoa nyuma ya kochi usikomwona. Futa, nyamaza. Osha kwa siki na maji, na usitumie dawa za sakafu zenye amonia, kwa sababu harufu yake yafanana na ya mkojo, na pua yake itamwambia kwamba hapo ndipo chooni.

Sasa niseme la mwiko, huu wa kupikia, ambalo ndilo langu hasa.

Kila mtu ajua kwamba mbwa hufundishwa kwa chakula. Wanachokosea ni kiasi. Mbwa wa kilo mbili ukimpa mapande ya nyama ya ukubwa wa kidole gumba, akila matano ameshiba na shule imekwisha. Mimi huchukua maini ya kuku, nikayachemsha kwa maji matupu mpaka damu ikauke ndani, nikayaacha yapoe. Nusu nayakata kwa kisu chembamba, vipande vidogo kuliko punje ya kunde. Nusu nayaponda kwa maji yake yale yale mpaka yanate. Maji matupu, nasema: bila chumvi, bila kitunguu maji, bila kitunguu thaumu. Sisi watu wa pwani chungu hakiinjikwi bila kitunguu, lakini vitunguu vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mwili mdogo hauhitaji kingi kudhurika. Kwa hiyo mchuzi uliobaki si chakula chake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika ncha ncha ikamchoma matumbo, na chokoleti ya watoto ni sumu.

Yale maini yaliyopondwa nayapaka kwenye ncha ya mwiko mrefu wa mbao, kidogo tu, kiasi cha kulamba mara moja. Mwiko huo ni wake peke yake. Una kitanzi cha kamba nyekundu na nautundika nje ya jiko, mtu asije akausongea sima. Nilianza kuutumia kwa sababu mbwa mdogo ukimwinamia, jitu zima linamfunika. Hurudi nyuma, hulala chali, wengine hujikojolea, na mwenyewe husema ni mwoga au mkaidi. Kwa mwiko nasimama wima na maini yanamfikia puani. Na kwa kuwa mkono wangu hauna kitu, hajifunzi kurukia mikono ya watu.

Kukaa namfundisha hivi. Ncha ya mwiko naiweka juu ya pua yake, upana wa vidole viwili, halafu naisogeza taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kinaufuata, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa sakafu tu natoa sauti moja, "Haya!", na mwiko unateremka mdomoni. Sauti hiyo itoke papo hapo. Ukichelewa sekunde mbili keshainuka, na umemsifu kwa kuinuka. Usimkandamize kiuno kwa mkono. Jamii nyingi za mbwa wadogo zina magoti dhaifu, kile kifupa cha goti huteleza kikatoka mahali pake, na mkono wa mtu mzima ni mzito. Neno "kaa" nalitia mwisho, akishakuwa anakaa kwa kuuona mwiko. Watu huanza na neno: kaa, kaa, nimekwambia kaa, we kaa! Kwake ni kelele tu za nyumba. Dakika tano zatosha, asubuhi na jioni, kabla hajala. Akishazoea, mwiko unakuwa mtupu na maini yanatoka kwenye kikombe kilicho rafuni, mara moja yatoka, mara moja hayatoki.

Na nyumba nzima iseme neno moja. Nimepika nyumba ambamo mama alimwambia kwa Kiitaliano, mtunza bustani kwa Kigiriama, watoto wa wageni kwa Kiingereza, kisha wote wakakubaliana kwamba mbwa ni mjinga.

Jambo ambalo wenye mbwa wakubwa hawalijui kabisa ni kuinuliwa. Mbwa wa kilo arobaini hainuliwi na kila apitaye. Huyu wetu hunyakuliwa toka nyuma, toka ubavuni, amelala, anakula, na watoto ndio zaidi. Siku moja anageuka na meno. Mimi kabla ya kumwinua husema "juu", nikahesabu kimoyomoyo moja mbili, ndipo nikamshika, mkono mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya makalio, akiwa kavu. Akifika juu kuna kipande cha maini kinamngoja. Mbwa wa nyumba ninayopika sasa akisikia neno hilo hujisogeza na kunyanyua miguu ya mbele mwenyewe. Wageni wanadhani ni mchezo wa sarakasi. Watoto wote wanaokuja pale nawafundisha neno hilo kabla sijawaruhusu kumgusa, na asiyelisema hagusi, awe mtoto wa nani.

Hilo huenda pamoja na kumzoesha dunia mapema. Kati ya wiki ya tatu na kama wiki ya kumi na nne, mtoto wa mbwa hukubali kwa urahisi karibu kila anachokiona bila kutishwa. Baada ya hapo kila kipya ni adui mpaka athibitike vinginevyo. Kwa kuwa chanjo zake bado hazijakamilika, hatembezwi chini sokoni palipopita mbwa wa mitaani. Mtie kwenye kikapu cha ukindu, umpakate, umpitishe. Aone tuktuk, aone punda wa mkokoteni, aone kina mama wa buibui na wazee wa kanzu na bakora, aone mwavuli ukifunguliwa. Hao wanaobwekea buibui kila siku wakaleta fedheha mtaani, wengi wao walikaa ndani ya geti hadi wakakomaa.

La adhana lilinisumbua moyo. Nyumba yetu ipo karibu na msikiti, na mbwa wengi huitika sauti ndefu inayopanda na kushuka kwa kulia nayo. Si dharau, ndiyo maumbile yao, lakini majirani walilalamika na walikuwa na haki. Mtu mmoja akashauri apigwe kila akianza. Ungempiga mbwa kila adhana, ungempa sababu ya kuichukia adhana. Nilimweka mbwa wetu kwanza kwenye stoo ya ndani, ambako sauti inafika nyembamba, nikaanza na adhuhuri na alasiri kwa kuwa nyakati hizo niko kazini. Muadhini akianza, vipande vya maini navyo vinaanza kudondoka sakafuni, kimoja, kingine, kingine. Muadhini akinyamaza, maini yanakoma. Mbwa alipokuwa hajali tena pale stoo tukahamia jikoni, kisha barazani. Siku aliyolia nilijua nimekwenda mbio, nikamrudisha stoo. Alfajiri nilimwachia mlinzi wa usiku kikombe chake cha maini, naye aliifanya vizuri kuliko mimi. Sasa mbwa akisikia adhana huja kuketi mlangoni mwa jiko, mate yanamtiririka. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, na ni katika kazi hiyo hiyo alipogundua kwamba mbwa huweza kutokwa na mate kabla hata chakula hakijaja, kwa kuzoea tu dalili yake. Mpishi yeyote angemwelewa.

Najua nitaulizwa, na huulizwa kila Ijumaa: wewe Mwislamu, na mate ya mbwa je? Sisi wa madhehebu ya Shafi twajua hukumu. Palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndoo yangu ya udongo safi ipo kando ya bomba la nje, na mwiko umenipunguzia safari za kuiendea. Kavu kwa kavu haina neno, ndiyo maana nimesema nikimwinua awe kavu. Nguo za kazi nazivua kule kule kazini. Mwenye swali zaidi ya hapo amwendee sheikh, mimi si mufti. Ila kisa cha yule aliyemtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, na Mungu akamghufiria, wengi mlikisikia madrasa kama mimi.

Kutembea, neno moja: msimfunge ukosi shingoni mkamvuta. Koromeo la mbwa wadogo ni laini, huweza kulegea likaziba, akaanza kukohoa kikohozi cha bata. Mshoneeni mkanda wa kifuani. Mafundi wa viatu mjini wanauweza kwa kitambaa na vifungo vya begi. Na atoke kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Tumbo lake liko karibu na lami kuliko lenu.

Sasa chanjo, na hapa sicheki hata kidogo. Mtoto wa mtaa wetu aliumwa kifundoni na kijibwa, na mwenye mbwa akasema, kwa kicheko kile kile, "Hiki nacho kitakuwa na kichaa gani?" Kichaa cha mbwa hakipimi kilo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna apataye kupona. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 kamili, na mtoto akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo akaanza sindano. Mwenye mbwa alipoulizwa cheti, hakuwa nacho. Kenya ilijiwekea mkakati mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na 2030 haiko mbali. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kwenye chanjo za umma naona vijana wamewaleta mbwa wa kulinda mashamba, wamefungwa kwa kamba za katani, na wamepanga foleni juani. Wenye vijibwa siwaoni. Mara niliyompeleka wa kwetu ndani ya kikapu, mmoja akaniuliza kama nimeleta panya. Alichanjwa, alipewa cheti, tukaenda zetu.

Ombi langu kwa wahusika wa mifugo katika kaunti ni kwamba siku hizo zitangazwe pia huku kwenye mageti na maghorofa, na kwenye makundi ya simu ya mitaa, si kwa kipaza sauti cha gari peke yake, maana gari halipiti humo. Na mwezi wa Septemba, ambao tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ungefaa.

Mwisho, kuna vijana wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara ya Lamu, wamewatia kwenye katoni. Wengine macho ndiyo kwanza yamefunguka. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mamake kabla ya wiki nane, na hawa wadogo wakikaa zaidi ndiyo bora. Akicheza na ndugu zake akauma kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukoma. Pale ndipo anapojifunza kulegeza taya, na hakuna mwiko wala mpishi atakayemfundisha hilo vizuri kama wao. Tena akiwa mdogo hivyo sukari yake ya damu huanguka upesi akikosa kula, asubuhi ukamkuta amelegea. Yule asiyetimiza umri ataka kulishwa mara nne kwa siku, na wewe unakwenda kazini. Muulize muuzaji umri, mtazame meno, muombe akuonyeshe mama. Akikwambia mama yuko Mombasa, mrudishie mtoto wake katonini, ushike njia.

Mpishi,
Shella, Malindi
(jina limehifadhiwa)